Mpiga Ngoma Asiye na Jina

Katika jumba la makumbusho ya mambo ya bahari huko Greenwich, London, imehifadhiwa picha iliyochorwa kwa rangi na William Hogarth yapata mwaka 1745. Mwenye picha ni Kapteni Lord George Graham, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, mwana wa Duke wa Montrose. Askari atakayetazamia kuona upanga uliochomolewa na moshi wa mizinga atashangaa. Kapteni ameketi chumbani mwake melini, kajitanda joho, anavuta kiko. Kichwani ana kofia ya kustarehea. Nywele za bandia zimevaliwa na mbwa. Mtumishi analeta ndege wa kuchoma huku mchuzi ukimdondokea mgongoni mtu aliyeketi mezani.

Wala asilaumiwe kwa kutovaa sare. Maafisa wa jeshi hilo walipewa sare rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1748, na Graham alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1747. Mabaharia wa vyeo vya chini walingoja hadi mwaka 1857. (Sisi tunaoulizwa habari za kifungo kimoja tu kisichong'aa tuna haki ya kuwaonea wivu kidogo.) Ushujaa hakuukosa: mwaka 1745, akiwa na meli ya Bridgewater, alipambana karibu na Ostend na meli za watu binafsi waliopewa kibali na Ufaransa kuvizia biashara ya adui, akashinda.

Lakini, ndugu msomaji, tazama upande wa kulia wa picha hiyo. Amesimama pale mtu mweusi, mkono mmoja unapiga ngoma ndogo, wa pili umeshika filimbi iliyo mdomoni. Aliyewahi kuwa katika bendi ya jeshi anajua ugumu wa kufanya kazi za watu wawili kwa pumzi moja. Wenzake wanastarehe, yeye yuko kazini. Mbwa aliyevaa nywele za bandia wataalamu wanamtambua: ni Trump, mbwa wa mchoraji mwenyewe. Kapteni jina lake limo katika anwani ya picha. Mpiga ngoma hana jina.

Hilo lamhusu nini mtu wa Omugo? Lamhusu sana. West Nile ilitoa vijana wengi kwa KAR, na askari kutoka Uganda walikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944. Ziko picha za enzi hizo ambamo maafisa wameketi mstari wa mbele na majina yao yameandikwa chini, kila mmoja na cheo chake. Waliosimama nyuma yao wameitwa kwa neno moja: askari.

Ni rahisi kuutupa mzigo huo wote kwa mkoloni, na sehemu yake kubwa ni yake kweli. Hata hivyo, kazi yangu ni habari na picha za jeshi, na ninaona tunavyofanya wenyewe. Baada ya gwaride la kuhitimu, mgeni wa heshima anatajwa, kamanda anatajwa, kisha tunaandika "na wengineo". Katika hao wengineo yumo mpishi aliyeamka saa tisa za usiku, yumo dereva, yumo mpiga tarumbeta ambaye bila yeye gwaride lisingetembea. Picha za simu hazijatuponya; zinapotea pamoja na simu.

Naona kila kikosi na kila kituo cha polisi, kuanzia Arua hadi Koboko, kingefaa kuchapisha picha zake na kuandika nyuma kwa penseli: jina, nambari, cheo, mahali, tarehe. Wazee wanaozitambua nyuso za zamani waulizwe mwezi huu, maana wanapungua. Kwa picha ya gwaride lijalo, mwandishi aanze na bendi, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ndipo afike kwa mgeni wa heshima.