Mashine Kongwe Zafufuka, Je, Zetu?

Mwezi wa Juni 2024, wasimamizi wa mirathi ya Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft aliyefariki mwaka wa 2018, walitangaza kwamba makumbusho ya kompyuta aliyoyaanzisha mjini Seattle, Marekani, hayatafunguliwa tena. Yalikuwa yamefungwa tangu 2020. Baadhi ya mashine zake zilipigwa mnada na Christie's. Waliosikitika walisikitikia vyombo kutawanyika. Mimi naona wamesahau jambo zito zaidi.

Sifa ya makumbusho hayo haikuwa kumiliki kompyuta za kale, bali kuwa nazo zikifanya kazi. Miongoni mwake zilikuwamo minikompyuta za kampuni ya DEC. Minikompyuta ni ndogo kwa jina tu, maana nyingine hulingana na kabati la nguo. PDP-8 iliuzwa kuanzia mwaka wa 1965 kwa dola 18,000. PDP-11 ya mwaka wa 1970 ndiyo iliyolea mfumo wa Unix na lugha ya C. DEC yenyewe haipo tena. Ilinunuliwa na Compaq mwaka wa 1998.

Anayenunua mashine ya aina hiyo leo, baada ya kukaa ghalani miaka 30, hathubutu kuiwasha siku hiyo hiyo. Kapasita za kifaa cha kugawa umeme huenda zimekauka. Hung'oa bodi zote kwanza, akapima kama volti 5 zinatoka sawasawa, kwani zikizidi chipu zitaungua. Kisha hurudisha bodi moja baada ya nyingine. Kumbukumbu ya nyingi kati ya mashine hizo ni vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya mithili ya shanga, navyo hushika habari hata umeme ukikatika. Balaa ni diski. Ile ya RK05 hubeba megabaiti 2.5 tu, na chembe moja ya vumbi yatosha kuikwaruza. Kwa hiyo wengi huunganisha saketi ya kisasa yenye kadi ya kumbukumbu, ikaigiza diski. Wapo wanaouita huo udanganyifu. Sioni kosa, mradi diski ya asili isitupwe.

Fundi ambaye hakuwa amezaliwa mwaka wa 1970 huwezaje kazi hiyo? DEC ilimpa mnunuzi michoro ya saketi, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na vitabu vilivyoeleza kila amri. Chipu nazo, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za kawaida zilizouzwa madukani. Sisi wa isimu twaujua uzito wa jambo hilo. Maandishi ya Meroe, huko Sudan, twaweza kuyatamka, lakini maana ya mengi yametupotea kwa kuwa hatukuachiwa ufunguo.

Hapa ndipo Kenya inapoingia. Mwaka wa 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi. Kishikwambi cha kawaida huja na kijikaratasi kinachoeleza namna ya kukiwasha. Mchoro wa saketi haumo. Betri ikifa, mara nyingi imegandishwa kwa gundi ndani ya kifuniko, na mwalimu hubaki na kigae. Ajabu ni kwamba mashine ya mwaka wa 1970 ina matumaini ya kufufuka kuliko ya mwanafunzi wetu. Mwaka huo huo wa 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowabana watengenezaji wa bidhaa kadhaa, zikiwemo simu na vishikwambi, wakubali kuzitengeneza zinapoharibika.

Wanaotunga mikataba ya ununuzi wa vifaa vya shule zetu wangeweza kudai vipuri na michoro kabla ya kutia sahihi, maana baada ya hapo muuzaji hana haja nasi. Na vyuo vinavyosafisha maghala visiuze kompyuta kuukuu kwa wanunuzi wa vyuma kabla ya kukusanya vitabu vyake. Vitabu hivyo ndivyo vinavyotangulia kutupwa, navyo havitengenezwi tena.