Hapana, sitawatumia lokesheni

Tangu tuzungumzie michoro ya miambani ya Utah kwenye kipindi, ujumbe unaoingia ni ule ule: "Dada, zile alama za viganja ulizipiga picha wapi? Tutumie lokesheni basi." Jibu langu ni hapana. Ila nawadai maelezo, maana najua hapana hiyo inavyosikika.

Inasikika kama choyo. Wengi wetu wazazi hawakutupeleka kulala kwenye mahema. Wikiendi walikuwa kazini, na pesa ya likizo ilikuwa ya tiketi za kwenda nyumbani. Wenzetu wanayajua makorongo haya kwa sababu babu zao waliwaonyesha. Sisi tumeyajua kwa simu. Kwa hiyo mtu akisema lokesheni zisiwekwe mtandaoni, ni haki kuuliza: mlango unafungiwa nani? Mara nyingi ni sisi.

Hoja hiyo naikubali, na bado sitoi.

Kwanza, michoro hii haina spea. Ile ya kuchongwa ilifanywa kwa kugonga ngozi nyeusi ya jiwe, iliyojijenga polepole kwa miaka mingi mno, hadi rangi nyepesi ya chini ikaonekana. Ile ya rangi mara nyingi ni udongo mwekundu uliopakwa juu ya mwamba. Vidole vikigusa leo, na kesho, na mwakani, inakwisha. Na wapo wanaoharibu kusudi. Aprili 2021, karibu na mji wa Moab, mtu alikwangua maneno ya kibaguzi kwenye Birthing Rock, jiwe lenye mchoro wa mama anayejifungua. Sheria ya kulinda mali za kale kwenye ardhi ya serikali ipo tangu 1979, na ina faini na kifungo. Lakini sheria hailali jangwani kulinda. Sehemu isiyo na mlinzi, kinga yake ni kutojulikana tu.

Pili, kuna wenyewe. Wahopi na Wazuni wanasema wazi kwamba haya ni makazi ya wazee wao, si magofu yaliyotupwa. Canyon de Chelly kule Arizona, Wanavajo wanaishi na kulima humo mpaka leo, na kwa kawaida mgeni hashuki chini bila kiongozi Mnavajo. Jamani, hili kwetu geni? Si tulifundishwa kupiga hodi? Hata Kondoa, Tanzania, ambako michoro iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna mapango ambayo watu bado wanakwenda kutambika. Sisi tunaona kitu cha kale, mwenzako anaona mahali pa dua.

Sasa tuanzie wapi? Tuanzie palipofunguliwa kwa wageni. Horseshoe Canyon, sehemu ya hifadhi ya Canyonlands, jina liko kwenye kila ramani. Unatembea kama kilomita 11 kwenda na kurudi, nyingi ni mchanga, kwa hiyo beba maji ya kutosha. Mwisho wake ni Great Gallery, ukuta wenye watu waliochorwa kwa kimo cha binadamu, warefu, wengine hawana mikono wala miguu. Utafiti uliochapishwa 2014 ulikadiria kwamba walichorwa kati ya mwaka 1 na 1100. Kabla ya hapo wengi walidhani ni wa kale zaidi.

Kuhusu picha: zima flashi. Michoro ya rangi ipige kivulini. Ya kuchongwa, subiri jua la ubavuni, asubuhi au jioni, mistari itajitokeza yenyewe. Usimwage maji wala kupaka chaki ili ionekane. Kuna programu inaitwa DStretch, ya Jon Harman, inayokoleza rangi zilizofifia hadi uone vitu ambavyo jicho halikuviona. Kazi yote inafanyika kwenye picha, jiwe haliguswi. Kabla ya kutuma, ondoa taarifa za GPS ambazo simu huziweka ndani ya picha, na angalia nyuma: kilele cha mlima kinachojulikana kinataja mahali kuliko hata pini.

Na ile haki ya mlango? Nadhani pini si dawa yake. Pini inamfikia kila mtu, hata yule mwenye msumari mfukoni, na haimfundishi mtu chochote. Waliopelekwa na babu zao hawakupewa pini, walipewa mtu wa kutembea naye, aliyewaambia hapa usikanyage, pale usishike. Hicho ndicho tulichokosa, na hicho tunaweza kupeana sisi kwa sisi.

Kwa hiyo mkiniandikia tena, msiombe lokesheni. Niambieni mnapata likizo lini. Mwezi wa kumi joto linapungua, na gari langu lina nafasi tatu.