Paka Analia Ghorofa ya Nne: Majibu kwa Majirani Zangu

Usiku wa kwanza katika nyumba mpya, paka wetu Chausiku alilia kuanzia saa tano hadi adhana ya alfajiri. Tulikuwa tumemtoa Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma, tukamleta ghorofa ya nne Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Sikukuu. Kulipokucha, kila niliyekutana naye ngazini alikuwa na dawa yake. Nilizisikiliza zote kwa heshima, maana walionipa walinitakia mema, na wao pia hawakulala. Lakini nyingi si kweli, na mbili kati yake zingeweza kumuua.

"Paka ni wa nyumba, si wa mtu. Mrudishe alikotoka." Hili ndilo nililoambiwa zaidi, na lina punje ya ukweli. Paka huijua nyumba kwa pua. Akipita husugua shavu kwenye mguu wa meza, kwenye fremu ya mlango, kwenye kona ya ukuta, na kila anaposugua huacha harufu yake. Akihamishwa, harufu hiyo yote hutoweka kwa siku moja. Lakini kusema hamjali mtu ni kumsingizia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, walichapisha utafiti ambamo paka waliachwa peke yao kwenye chumba kigeni kwa dakika mbili, kisha mlezi akarudi. Karibu theluthi mbili walitulia alipoingia, wakarudi kuchungulia chumba. Na huyo wa kumrudisha, arudi wapi? Anayeishi Kariakoo ameona nyumba ngapi za zamani zikivunjwa ghorofa zipande? Paka anayeachiwa nyumba huishia kuachiwa kifusi.

Kwa hiyo tulimhamishia Magomeni yake. Chumba kimoja tu, si nyumba nzima. Kanga kuukuu aliyokuwa akiilalia, haijafuliwa. Tenga alilosafiria kwenye kirikuu tukaliweka pembeni, limefunikwa, mlango wazi, liwe pango lake. Beseni la mchanga tulijaza maranda kutoka kwa seremala, juu yake tukatia koleo moja la mchanga wa uwani kwetu. Nikachukua kitambaa laini, nikampangusa mashavu, nikapaka harufu ile kwenye miguu ya kitanda na fremu ya mlango, chini, usawa wa kichwa chake. Godoro langu likahamia humo humo. Usiku wa pili alilia hadi saa nane, akaja kulala miguuni pangu.

Mzee wa ghorofa ya pili alinisimamisha akitoka msikitini. "Mwanangu, kumfungia paka ni dhambi. Kuna mwanamke aliingia motoni kwa sababu hiyo." Shikamoo yangu kwake ni ya kweli, na hadithi anayoisema ni sahihi; imo katika Bukhari na Muslim. Ila tuisome hadi mwisho. Mwanamke yule alimfunga paka bila kumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu na panya wa ardhini, hadi akafa. Kosa ni njaa ile. Aliyewekewa maji, chakula, mchanga na mtu wa kulala naye hajafungwa namna hiyo. Nilimweleza hivyo kwa adabu. Alifikiri kidogo, akaniuliza anakula nini.

"Paka anayelia hivyo na kukodolea macho ukuta mtupu ameona kitu." Hapa naomba tuwe makini, kwa sababu paka wengi, weusi hasa, wameuawa kwa mawe na maji ya moto kwa neno hilo. Ukuta wa Kariakoo si mtupu. Sikio la mtu huishia kwenye mitetemo elfu 20 hivi kwa sekunde. La paka huvuka elfu 60, na sauti za panya nyingi ziko huko juu tusikofika. Ndani ya mabomba na dari ya majengo haya, juu ya maghala ya nafaka na maduka, panya wamo. Chausiku anawasikia. Anasikia na jenereta, na maguta yanayopita usiku, na makuli wakishusha mzigo. Magomeni kila mlio aliujua mwenyewe wake. Hapa haujui hata mmoja, na saa za giza kuingia na za karibu na alfajiri ndizo ambazo paka kwa maumbile yake yuko macho zaidi.

"Mfungulie mlango atoke, ajizoeze." Niambieni, nani atamrudisha? Paka mgeni chini huku anakutana na mashume wenye mtaa wao, magari, na panya aliyekula sumu. Akimla huyo, naye sumu inaweza kumfika. Na hajajua bado kwamba kwao ni hapa, kwa hiyo akitoka ataondoka akitafuta Magomeni. Wiki mbili au tatu ndani ni kiasi, na jike asiyefungwa uzazi ahudumiwe kwanza na daktari, kwani kilio chake kinaweza kuwa cha kutafuta dume.

Na kuhusu kibaraza, usiseme ana roho ya paka, akianguka hafi. Watu hutaja utafiti wa New York wa mwaka 1987: paka 132 walioanguka kutoka maghorofani, tisa katika kila kumi wakapona. Hao ni waliofikishwa hospitali. Waliokufia chini hakuna aliyewabeba. Tulifunga wavu siku ile ile.

Maziwa ya kumlaza? Paka wakubwa wengi hawawezi kuyameng'enya, na utakesha ukisafisha. Chakula tu, kidogo, usiku kabla ya kulala, baada ya kumchezesha na kamba hadi achoke. Wala usimnyime chakula ili "awinde": mwenye njaa hulia.

Sasa zile dawa mbili ambazo zingeweza kumuua. Jirani wa mlango wa pili, mama mwema kabisa, alileta nusu ya kidonge cha Panadol kwenye karatasi. "Msagie kwenye dagaa, atatulia kama mtoto." Mtoto ana kimeng'enya cha ini cha kuiondoa parasetamoli mwilini; paka anacho kidogo mno. Sumu hubaki, inaharibu damu isibebe hewa, fizi zinageuka samawati au kahawia, uso na miguu vinavimba, anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, na hicho cha nusu kingetosha kumuweka hatarini. Si dozi ya kupunguza, hakuna dozi. Nilimshukuru mama, nikamweleza, na kwa kuwa naye ana paka, aliniuliza mara mbili.

Ya pili ni dawa ya viroboto ya mbwa. "Analia anawashwa." Nyingi zina permetrini, ambayo mbwa huivumilia na paka humtia degedege. Vivyo hivyo ukihamia chumba na kupuliza dawa ya mbu, mtoe paka kwanza, na umrudishe pakishakauka na hewa ikiwa safi.

Kilio kimoja tu sikisubirishi hadi kesho: dume anayeingia kwenye mchanga mara kwa mara, akakaza, akalia, na mkojo hautoki. Hofu ya kuhama inaweza kuchangia njia kuziba, na akikaa hivyo siku moja au mbili anaweza kufa. Usiku huo huo apelekwe kwa daktari wa mifugo.