Likasi: Bei ya mafuta ikipanda, nani anapoteza kwanza?

Bei ya mafuta ya ngazi ikipanda sokoni Likasi, familia nyingi hazipunguzi bukari. Zinapunguza mafuta. Lengalenga inachemshwa na nyanya na chumvi, basi. Tumbo linajaa, lakini mtoto anabaki na njaa nyingine isiyoonekana.

Juu ya nini? Sombe, matembele na lengalenga zina karotini, ambayo mwili unageuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo inayeyuka katika mafuta, si katika maji. Bila mafuta kidogo kwenye sahani, sehemu kubwa inapita bure. Mtoto anayeikosa haoni vizuri giza likiingia, na surua ikimpata inamuumiza zaidi. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa vitamini A kwenye kampeni za chanjo na afya. Tena, gramu 1 ya mafuta inatoa kalori 9, wakati ile ya unga inatoa karibu 4 tu. Kwa tumbo dogo, tofauti hiyo ni kubwa.

Wengine wanasema: "Mafuta ya ngazi inaleta tansio." Shida yake hasa ni kolesteroli, si tansio moja kwa moja. Karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha kolesteroli, na OMS inashauri aina hiyo isipite 10% ya nguvu ya chakula cha siku. Mtu mzima anayekula nyama na mikate ya kukaanga kila siku apunguze. Lakini nyumba inayokula bukari na majani matupu, hatari yake ni kukosa, si kuzidisha.

Namna ya kupika pia ina maana. Kuchoma mafuta mpaka wekundu uishe kunaua karotini. Mafuta meupe ya bidoni hayana karotini. Angalia kama yameongezewa vitamini A.

Shida ni kwamba ngazi haipendi baridi na kiangazi kirefu cha Haut-Katanga. Mafuta mengi yanatoka mbali, upande wa Lomami na Kasai. Barabara ikiharibika, bei inapanda.

Karibu na nyumba kuna karanga na avoka. Karanga za kutwanga ndani ya sombe zinafanya kazi ileile, na mafuta yake ni mazuri zaidi kwa moyo. Zile zenye ukungu zitupwe, zina sumu.

Unga ukipanda bei, mji wote unalalamika. Mafuta nayo yahesabiwe kama chakula cha lazima, hasa kwa mtoto.