Jeli ya Kucha Imefika Nyumbani, Maelezo Yake Bado

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Ubungo, Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Katika maduka ya vipodozi ya Kariakoo, chupa za rangi ya jeli hupangwa rafu moja na taa ndogo za kukaushia kucha. Mteja anachagua rangi, anachagua taa, analipa, anaondoka. Muuzaji akimpa maelezo yoyote, mara nyingi ni bei ya jumla na bei ya rejareja. Maandishi ya kwenye boksi ni ya Kichina, au ya Kiingereza chenye herufi ndogo kama punje za ulezi, na mnunuzi hufika nyumbani akiwa na swali moja tu kichwani: inapakwaje hii?

Jibu analipata kwa shoga yake, au kwa video ya nusu dakika kwenye simu. Barua hii haimlaumu. Saluni ina bei yake, ina foleni ya Ijumaa kabla ya harusi, na rangi ya kawaida haivumilii beseni la kufulia hata siku mbili. Jeli iliyopakwa vizuri hukaa wiki mbili na zaidi. Mama anayeosha vyombo mara tatu kwa siku ana kila sababu ya kuitaka, na ana kila haki ya kuipaka mwenyewe sebuleni kwake.

Barua hii inakuja Ubungo kwa sababu tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi ulitoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ukahamia TBS. Katika kazi hiyo nchi ina rekodi ya kujivunia. Leo ni nadra kumpata mwanamke wa mjini asiyejua kwamba krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku, na maneno “viambata sumu” yamezoeleka mpaka vijiweni. Kucha hazijapata bahati hiyo. Mara ya mwisho zilipotikisa taifa ilikuwa Septemba 2018, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alipowazuia wabunge wanawake kuingia bungeni na kope na kucha za bandia. Gumzo lilikuwa kubwa, lakini likaishia kwenye nani aingie ukumbini na nani abaki nje. Kilichomo ndani ya chupa hakikujadiliwa.

Kilichomo ndani ndicho chenye hadithi. Rangi ya kawaida hukauka kwa sababu kiyeyushi chake hupotelea hewani. Jeli haikauki kwa upepo hata ikiachwa usiku kucha. Ni mchanganyiko wa akrileti na methakrileti, molekuli ndogo zinazoshikana na kuwa plastiki ngumu pale kichochezi kilichomo kinapopigwa na mwanga wa aina maalumu, kwa kawaida wa nanometa 365 hadi 405. Mtengenezaji makini hupima jeli yake na taa fulani, kwa sekunde fulani. Ukichukua jeli ya kampuni moja na taa ya kampuni nyingine, huenda juu pakang’aa na kuwa pagumu huku chini pamebaki pabichi, na macho hayawezi kuuona ubichi huo.

Madhara yanaanzia hapo. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili wa baadhi ya watu hujifunza kuikataa. Kiungo kinachotajwa zaidi ni HEMA, kimojawapo cha methakrileti hizo. Vidole huwasha, ngozi ya kuzunguka kucha hupasuka, kucha yenyewe huinuka kutoka kwenye nyama, na wakati mwingine upele hutokea kwenye kope au shingoni, mahali ambapo mtu hajishuku kwa sababu hajapaka kitu pale. Mzio huo ukishaingia hautoki. Ni wa maisha. Na kwa kuwa kemikali za ukoo huo zimo pia kwenye vizibo vya meno, kwenye saruji inayoshikilia nyonga za bandia na kwenye gundi ya baadhi ya vifaa vya kupima sukari vinavyobandikwa mwilini, msichana wa miaka 20 anaweza kuja kulipia kucha zake akiwa na miaka 60, kwenye kiti cha daktari.

Mwaka 2018 Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Uingereza kilitangaza kwamba asilimia 2.4 ya wagonjwa waliopimwa mzio kliniki walikutwa na mzio wa methakrileti, na kikawaonya hasa wanaotumia vifaa vya nyumbani: tumia taa iliyopendekezwa kwa jeli hiyo, wala si nyingine. Tangu mwaka 2021 Umoja wa Ulaya umeruhusu bidhaa za kucha zenye HEMA kutumiwa na mafundi peke yao, zikiwa na onyo kwenye lebo. Na tangu tarehe 1 Septemba 2025 umepiga marufuku TPO, kichochezi cha mwanga kilichokuwa kwenye jeli nyingi.

Hata hivyo, TBS isiinakili kanuni ya Ulaya neno kwa neno. “Kwa fundi tu” ina maana pale ambapo fundi amesomea. Hapa kwetu wapo waliopita vyuo vya ufundi vya VETA, lakini wapo wengi zaidi waliojifunzia kwenye video ileile ya nusu dakika, pamoja na vijana wanaozunguka mitaani na kikapu cha rangi na jiwe la kusugulia miguu. Kumwambia mteja asipake nyumbani, aende kwa fundi, ni kuhamisha tatizo kutoka sebuleni kwenda kibarazani. Marufuku ya jumla nayo itaipeleka jeli chini ya meza, ambako mkorogo wa kuchubua ngozi umekuwa ukiishi miaka yote.

Taa nayo ina visa vyake vya Kibongo. Nyingi huchomekwa kwenye chaja ya simu, na chaja dhaifu hutoa mwanga dhaifu. Umeme ukikatika katikati, mpakaji huigusa kucha, huiona ngumu, huinuka na kuendelea na shughuli. Inapasa asubiri bila kugusa kitu, umeme ukirudi aanze muda upya, wote kamili. Kwenye lebo maelezo hayo hayazidi mstari mmoja, na maboksi yanayouzwa hapa hayana mstari huo.

Mengine anayostahili kuelezwa mnunuzi ni mepesi vilevile. Kucha iwe safi na kavu, isisuguliwe kwa msasa mpaka iwe nyembamba. Tabaka ziwe nyembamba, kila moja iingie kwenye taa peke yake, kwani tabaka nene haiivi chini. Rangi nyeusi na nyeupe huzuia mwanga kuliko zote. Jeli isiguse ngozi, na ikigusa ifutwe kwa kijiti kabla taa haijawashwa. Kidole gumba kiingie peke yake, maana kikiwa na wenzake hulala ubavu na mwanga hukifikia nusu. Unata unaobaki juu mwishoni ni jeli ambayo oksijeni imeizuia kuganda. Ufutwe kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, usifutwe kwa kidole kitupu.

Kuhusu mionzi ya taa, utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa Januari 2023, ulionyesha kwamba dakika 20 chini ya taa hizo ziliua kati ya asilimia 20 na 30 ya seli. Zilikuwa seli za maabara, kwenye kisahani, na kipindi cha nyumbani ni kifupi kuliko hapo. Hofu haihitajiki. Glavu zilizokatwa ncha zinatosha, au krimu ya kukinga jua kabla ya kuanza.

Kutoa jeli ndiko kunakoharibu kucha nyingi kuliko kupaka. Pamba iliyoloweshwa asetoni, ikafungwa kwa foili dakika 10 hadi 15, huilegeza. Anayebandua kwa meno au kwa kisu huondoka na tabaka za kucha yake, na kucha ya mkononi hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo yote mpya huchukua kama miezi sita. Asetoni hushika moto upesi: haifai karibu na jiko la mkaa, jiko la gesi wala mshumaa wa umeme ulipokatika.

Mwanamke wa Kiislamu anayeswali ana haraka yake ya pekee. Jeli huzuia maji ya udhu kufika kwenye kucha, kwa hiyo wapo wanaoipaka siku za hedhi na kutaka itoke siku ya kutoharika, ikiwa bado imeshika barabara. Hapo ndipo jeli hung’olewa kwa nguvu. Kwa siku chache kama hizo rangi ya kawaida ni bora zaidi, au hina ya majani. 

Ombi kwa ofisi yako, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ni hili. Kila chupa ya jeli inayosajiliwa iwe na lebo ya Kiswahili inayotaja kama ina HEMA, aina ya taa, sekunde za kila tabaka, na onyo la kuacha mara moja ngozi ikianza kuwasha. Kila taa iandikwe nanometa zake na nguvu ya chaja inayohitaji. TBS ieleze wazi msimamo wake juu ya TPO, ili shehena inayokataliwa Ulaya isigeuziwe meli kuja hapa. Na wakaguzi wanaopita madukani wapite pia kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni, ambako chupa nyingi huuzwa bila boksi lake.

Wako katika ujenzi wa taifa.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, VETA.