Gari Linapofilisika

Mjadala wa magari ya umeme umetekwa na betri: inadumu miaka mingapi, inakwenda kilomita ngapi. Mimi naona swali zito zaidi limo katika daftari la hesabu la mtengenezaji.

Juni 2024 kampuni ya Fisker ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama kwa kulemewa na madeni. Gari lake, Ocean, lililoundwa Graz nchini Austria, lilikuwa limeuzwa kwa maelfu. Lilikuwa na kasoro, naam. Mamlaka ya usalama barabarani ilikwisha kufungua uchunguzi wa breki. Lakini kasoro hurekebishwa na aliye hai. Gari la namna hii huishi kwa programu zinazotumwa kwa intaneti na vipuri visivyopatikana kwingine, hata wamiliki wakalazimika kuunda chama ili kuyanusuru magari yao. (Gari la petroli la miaka ya themanini fundi wa mtaani angelifufua kwa bisibisi.)

Hata Tesla iliyofanikiwa haikusimama kwa miguu yake pekee. Mwaka 2020 ilipata faida ya dola milioni 721, ilhali iliingiza dola bilioni 1.58 kwa kuwauzia watengenezaji wengine vibali vya uchafuzi vilivyozaliwa na sheria. Faida ile iliandikwa na sera. Silaumu, hewa safi ina gharama. Ila serikali inayobeba gharama hiyo idai amana ya vipuri na nakala ya programu kabla gari la kwanza halijauzwa. Baadaye ni kuchelewa, kwani mahakama ya ufilisi huwatanguliza wadai wenye dhamana, na mwenye gari bovu hukaa mwisho wa foleni.