Samaki mgeni pia afungwe kamba

Wasee, leo naweza kukosana na nusu yenu, lakini wacha niseme. Ukinunua samaki wa maji ya chumvi leo, na leo hiyo hiyo umwachilie kwenye tangi lenye wenzake, hapo hufugi. Unacheza kamari, na kinachowekwa mezani ni maisha ya wale wengine.

Nasema hivi kwa sababu nilicheza. Mwaka jana nililetewa kangaja wa buluu kutoka Pwani, yule mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni. Nikawasha kamera, nikamwachilia ndani, nikaposti. Video ilitembea kuliko zote nilizowahi kufanya. Siku ya tano alikuwa na vidoti vyeupe, kama mtu amemnyunyizia chumvi ya mezani. Wiki ya tatu tangi lilikuwa kimya. Samaki watano, wakiwemo wawili wa jamii ya Nemo niliokaa nao miaka miwili. Na watu bado wanaiwekea laiki video ile.

Vidoti vile si upele. Ni kimelea kinachoitwa Cryptocaryon irritans. Kinakaa kwenye ngozi na matamvua ya samaki siku 3 hadi 7 hivi, kinashiba, kinadondoka, kinajifungia ndani ya ganda kwenye mawe au mchanga, na humo kinagawanyika kuwa vingi, hata mamia. Vikitoka, vinatafuta samaki. Ndiyo maana vidoti vikipotea ghafla watu hushangilia, "Amepona!" Wapi. Vimeshuka tu kuzaana. Na dawa haipenyi ganda lile. Inaua vile vinavyoogelea tu.

Susu wangu hapa Mumbuni hajui jina hilo la Kilatini. Lakini mletee kuku kutoka soko la Machakos uone kama ataingia bandani siku hiyo. Anafungwa kando chini ya mwembe, aangaliwe kwanza kama amekuja na kideri. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi tulidhani methali hiyo ni ya mtihani tu. Na 2020 tulikaa karantini siku 14 tukinung'unika, lakini sababu tuliielewa: mtu anaweza kuonekana fiti na bado amebeba ugonjwa. Samaki naye ni hivyo hivyo, tena huyu amesafiri zaidi ya kilomita 400 ndani ya mfuko wa maji. Anafika amechoka, kinga iko chini.

Karantini yenyewe si maabara. Ni tangi dogo, lita 60 hivi, tupu: bila mawe, bila mchanga, bila matumbawe. Weka vipande vya bomba la plastiki ajifiche. Weka filta ya sponji, hita kwa sababu baridi ya Julai hapa kwetu mnaijua na yeye anataka nyuzi 25 hivi, na kifuniko asiruke nje. Mpe angalau siku 30. Angalia anavyokula na anavyopumua, pima amonia, badilisha maji. Wavu na ndoo za huko zisiguse tangi kubwa. Dawa ya shaba ikihitajika, itie humo tu, kwa kipimo. Shaba inaua matumbawe, konokono na kamba (wale wa baharini, si sisi wa Ukambani).

Najua mtasema: maji yenyewe tunanunua kwa jerikeni, chumvi maalum ni gramu 35 hivi kwa kila lita, stima inapotea bila hodi, na tangi la pili ni doo. Kweli kabisa. Lakini kama huna doo ya tangi dogo, basi huna doo ya samaki huyu. Mimi niliokoa hiyo doo, halafu nikakaa na tangi kubwa bila samaki siku 76 ili vimelea vife kwa kukosa pa kukaa. Piga hesabu mwenyewe.

Na hii si hasara yako peke yako. Huyu kangaja hakuzaliwa dukani. Alitolewa baharini, kwenye matumbawe yetu wenyewe, na mpiga mbizi mwenye wavu mdogo. Akidedi kwa haraka yako, mwingine atatolewa kujaza nafasi yake.

Sisi wa kamera ndio wa kwanza kulaumiwa. Tunaonyesha siku ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotazamwa. Siku ya 20 nani anaionyesha? Kwa hivyo hii ndiyo sheria yangu: samaki mpya haonekani hapa hadi amalize siku 30. Ile video ya kangaja nimeiacha, ila juu yake nimeandika: hawa wote walikufa.

Sasa hivi kwenye tangi la kando kuna mgeni. Leo ni siku ya 19, anakula vizuri. Mtamwona akimaliza.